Kurejea Mutakura: Kwa nini safari ya mkimbizi wa mjini haiishii mpakani

Tangu Septemba 2017, Warundi zaidi ya 200,000 waliokuwa wamekimbilia nchi jirani wamerejea nyumbani kwa misafara iliyoandaliwa na serikali za nchi husika pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Picha tulizozizoea ni za mabasi na malori yanayovuka mpaka yakiwa na magodoro, masufuria na baiskeli, kisha kusambaa kuelekea milima ya Ruyigi, Makamba, Muyinga na Kirundo. Ni picha za kweli, kwa kuwa wengi waliorejea ni wakulima. Lakini zinaficha msafiri wa aina nyingine, yule ambaye kwao si mlimani bali ni mtaani, na ambaye alichoacha nyuma si shamba la mihogo bali ni nyumba ya vyumba vinne kwenye avenyu yenye namba.

Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, ni mtaa unaofaa kutazamwa tunapotaka kumwelewa msafiri huyo. Umekimbiwa mara mbili katika kipindi kisichofika miaka 25, na kila mara watu wake wamejaribu kuurudia. Swali la makala haya ni jepesi kuliuliza ila gumu kulijibu: familia ya mjini iliyokaa nje miaka minane au kumi inaporejea, ni nani anayeipokea? Uchambuzi unaonyesha kwamba utaratibu mzima wa kuwarejesha wakimbizi umejengwa kwa ajili ya kijiji, na kwamba mkaazi wa mjini anarejeshwa hadi mpakani tu. Safari iliyobaki, ambayo ndiyo ndefu zaidi, anaachiwa mwenyewe.

Mtaa uliokimbiwa mara mbili

Mutakura iko katika zoni ya Cibitoke, tarafa ya Ntahangwa, si mbali na Kamenge, Kinama na Ngagara. Kabla ya 1993 mitaa hii ya kaskazini ilikuwa na wakaazi wa makabila yote, watumishi wa serikali, mafundi, madereva na wafanyabiashara wadogo, wakitenganishwa na kuta fupi za matofali. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, ujirani huo ulianza kupasuka. Kati ya 1993 na 1995 jiji liligawanywa mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu hadi jeshi lilipozishambulia na wakaazi wake kutawanyika mwaka 1995. Cibitoke, Mutakura, Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Mwezi Machi 1995 zamu ikafika kwa Bwiza na hata Buyenzi, mtaa wa Waswahili uliokuwa umesifika kwa kupokea kila mtu.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliopatikana baada ya usuluhishi wa Mwalimu Julius Nyerere na kisha Nelson Mandela, ulitambua kwamba amani haiwezi kusimama bila waliofukuzwa kurejea. Itifaki yake ya nne inasema wakimbizi warejeshewe mali zao, hasa ardhi, au walipwe fidia ya haki. Vita vilipopoa, familia nyingi zilianza kurudi mitaani. Wapo waliorudi kwenye nyumba zao, wapo waliouza na kuhamia kwingine, na wapo waliojikuta majirani wa watu wasiowafahamu. Mutakura ikaanza tena kuwa mtaa wa watu wote.

Kisha ukaja mwaka 2015. Tarehe 26 Aprili maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalizuka katika mitaa kadhaa ya Bujumbura, na Mutakura ilikuwa miongoni mwayo. Safari hii mpasuko ulikuwa wa kisiasa kuliko wa kikabila, lakini matokeo kwa wakaazi yalifanana na ya zamani. Jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei lilishindwa, msako ukashika kasi, na milio ya risasi na mabomu ya kurushwa kwa mkono ikawa sehemu ya usiku. Mapema Novemba 2015 Rais Nkurunziza alitoa muda hadi tarehe 7 ya mwezi huo kwa wenye silaha kuzisalimisha. Kabla muda haujaisha, familia zilionekana zikiondoka na magodoro vichwani. Tarehe 8 Novemba polisi walipoanza upekuzi wa nyumba kwa nyumba, walianzia Mutakura, na wengi wa wakaazi wake walikuwa wamekwisha kuondoka.

Kwa ujumla, Warundi zaidi ya 400,000 walikimbia nchi kutokana na mgogoro huo. Wa vijijini wengi waliishia katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli nchini Tanzania. Wa Bujumbura walitawanyika zaidi. Wapo waliokwenda kambi ya Mahama nchini Rwanda, lakini wengi walipanga vyumba Kigali, Kampala na Nairobi, wakaanza maisha upya bila turubai wala mgao wa chakula.

Jembe bila shamba

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Utaratibu wa kuwapokea wanaorejea Burundi unafuata busara hiyo karibu neno kwa neno. Anayerejea kwa msafara rasmi hupita katika kituo cha mapokezi, hupewa fedha taslimu, vifaa vya nyumbani na chakula cha miezi mitatu, kisha husafirishwa hadi tarafa anayotoka. Hesabu iliyo nyuma ya miezi mitatu inaeleweka: ni muda ambao mkulima anaweza kusubiri maharage yakomae. Hata wasio na ardhi, jibu lao limekuwa la kijijini. Baada ya vita serikali na wafadhili walijenga vile vilivyoitwa vijiji vya amani, ambapo waliorejea bila makazi walipewa nyumba na kipande cha kulima.

Mutakura hakuna shamba. Miezi mitatu haikomazi chochote kwenye avenyu za mtaa huu. Fundi cherehani anahitaji cherehani na wateja, mwalimu anahitaji nafasi ya kazi, dereva anahitaji gari na mafuta, na aliyekuwa akiendesha pikipiki ya abiria mwaka 2015 anakuta kwamba Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Jembe analopewa, hata likiwa la mfano tu, halina mahali pa kuchimba.

Kuna tatizo la pili lililo kubwa zaidi. Familia nyingi za mjini hazirudi kwa msafara. Aliyekuwa akiishi Kampala au Nairobi hupanda basi kwa nauli yake na kushuka Bujumbura kimyakimya. Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, baada ya shambulio la Desemba 2023 katika eneo la Gatumba, hata njia fupi kutoka Kigali ilizibwa, na wasafiri wakalazimika kuzunguka kupitia Tanzania na kuingilia Kobero. Anayerudi hivyo hahesabiwi kama mkimbizi aliyerejea. Kwa kuwa hahesabiwi, hapewi kifurushi, hafuatiliwi, wala hatajwi katika mpango wowote. Machoni pa mashirika bado yuko nje. Machoni pa tarafa hajafika.

Nani yumo ndani ya nyumba?

Jambo la kwanza ambalo familia inayorejea Mutakura hukabiliana nalo si chakula bali ni mlango. Nyumba iliyoachwa kwa haraka aghalabu iliachwa kwa mtu: shemeji, mdogo wa baba, mpangaji mwaminifu au jirani aliyekubali kushika funguo. Miaka ikapita. Mpangaji akaacha kutuma kodi, au akaituma kwa ndugu ambaye naye alikuwa na shida zake. Shemeji akaoa, akazaa, akaongeza chumba uani kwa fedha yake mwenyewe. Mwenye nyumba anapobisha hodi baada ya miaka minane, anakutana na mtu ambaye si mwizi na si mvamizi, lakini ambaye naye hana pa kwenda.

Migogoro ya namna hii ndiyo iliyozaa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, mwaka 2006. Tume hiyo ilisikiliza maelfu ya kesi, nyingi zikiwa za walioikimbia nchi mwaka 1972 na mashamba yao kugawiwa wengine. Maamuzi yake yalilaumiwa mara kwa mara, wengine wakisema inawapendelea waliorejea, wengine wakisema inachelewa. Hata hivyo ilikuwa mlango unaojulikana, ambapo mtu asiye na wakili aliweza kueleza kisa chake. Muda wa tume ulifikia kikomo mwaka 2022. Wimbi la wakimbizi wa 2015 limeanza kurejea wakati mlango huo unafungwa, na wenye madai ya nyumba sasa hutegemea viongozi wa mtaa, wazee na mahakama za kawaida.

Mwanamke aliyerejea bila mume ana mzigo wa ziada. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi inayompa binti haki sawa na kaka yake, na mila ndiyo inayotawala. Mjane au binti anayedai nyumba ya marehemu baba yake Mutakura anaweza kukuta kwamba hati ipo, mashahidi wapo, lakini sauti ya shangazi na baba wadogo ina nguvu kuliko karatasi.

Karatasi zinazomtambulisha mtu

Baada ya mlango huja ofisi. Mkaazi wa Bujumbura hujulikana kwa karangamuntu yake na kwa daftari la nyumba ambamo kila anayelala humo, hata mgeni, huandikwa. Daftari hilo lilisisitizwa sana wakati wa misako ya baada ya 2015, na asiyeandikwa alijiweka katika mashaka. Familia inayorejea inatakiwa kujitokeza kwa kiongozi wa nyumba kumi na mkuu wa mtaa, kueleza ilikuwa wapi, na kuomba kuandikwa. Kwa aliyeondoka kwa hofu, kueleza alikokuwa si maelezo mepesi.

Karatasi zenyewe nazo zimepitwa na wakati. Mageuzi ya utawala yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yalipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Bujumbura iliyokuwa jiji lenye hadhi ya mkoa sasa imo ndani ya mkoa mpana wa Bujumbura. Jina la Ntahangwa limebaki, lakini ofisi, mihuri na mipaka ya madaraka imebadilika. Anayerudi na hati ya 2014 huanza kwa kuuliza ni wapi pa kuuliza.

Watoto ndio wanaoumia zaidi katika eneo hili. Mtoto aliyezaliwa Nakivale au Kigali ana cheti cha nchi aliyozaliwa, au hana kabisa, na kuandikishwa kwake Ntahangwa kunadai muda na ushahidi. Na kwa baadhi yao tatizo si muda. Sheria ya uraia ya Burundi ya tarehe 18 Julai 2000 humpa uraia mtoto wa baba Mrundi, lakini haimruhusu mama Mrundi kumrithisha mtoto uraia kwa usawa na mwanamume. Anaweza kufanya hivyo katika hali chache tu, kama vile baba asipojulikana. Binti wa Mutakura aliyeolewa na Mganda au Mkongomani uhamishoni, kisha akarudi na watoto, anaweza kujikuta yeye peke yake ndiye aliyerejea nyumbani. Watoto wake, mbele ya sheria, wamekuja ugenini.

Mtoto anayejua lugha isiyotakiwa

Shule za msingi za serikali hazilipishi ada tangu 2005, na hilo ni faraja kwa mzazi aliyerudi mikono mitupu. Lakini darasa lina lugha yake. Watoto waliokuwa katika kambi za Tanzania walifuata mtaala wa Burundi, hivyo hawakupotea sana. Waliokuwa Rwanda na Uganda walisoma kwa Kiingereza. Wanaporudi Bujumbura wanakuta Kirundi kikitumika katika madarasa ya chini na Kifaransa kuanzia darasa la tano. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani Kigali anarudishwa nyuma madarasa mawili, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno. Wapo wanaokubali aibu hiyo, na wapo wanaoacha shule.

Hapa Kiswahili kina nafasi ambayo mara nyingi haitajwi. Ni lugha inayofundishwa shuleni Burundi sambamba na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007. Na ndiyo lugha ambayo mtoto aliyekulia Nairobi na mtoto aliyekulia Kigoma wanaweza kuchezea pamoja kwenye avenyu moja. Kwa miongo mingi kuzungumza Kiswahili Bujumbura kulimtambulisha mtu kuwa wa Buyenzi, na wakati mwingine kumtambulisha kuwa si mwenyeji kamili. Wasikilizaji wetu wengi wanalijua jambo hilo vizuri kuliko mchambuzi yeyote. Leo walimu wa Kiswahili katika shule za kaskazini wanaweza kuwa daraja la watoto waliorejea, endapo wizara itawatumia hivyo badala ya kuliacha somo lao likae pembezoni mwa ratiba.

Mji uliopanda bei

Familia iliyoondoka 2015 inarudi katika uchumi mwingine. Mwezi Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani kwa zaidi ya theluthi moja, na bado katika soko la mitaani dola imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Mwezi Juni 2023 noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 ziliondolewa katika mzunguko kwa siku chache tu. Aliyekuwa nje na akiba yake sandukuni alibaki na karatasi. Uhaba wa mafuta uliodumu kwa miaka umefanya foleni za vituo vya petroli kuwa sehemu ya mji, na wafanyakazi wa mitaa ya kaskazini mara nyingi hutembea kwa miguu kwenda na kutoka kazini.

Katika hali hiyo, ndugu anayefungua mlango kuwapokea watu sita zaidi anafanya jambo kubwa kuliko mpango wowote wa wafadhili. Lakini ukarimu wa jamaa nao una mwisho wake, na mwisho huo hufika upesi pale mfuko wa mwenyeji na wa mgeni yote ikiwa mitupu.

Jirani ana maswali yake

Limebaki jambo ambalo halipimwi kwa faranga. Kirundi kina neno kwa waliobaki, abasangwa, yaani waliokutwa. Aliyebaki Mutakura alilala sakafuni usiku wa risasi, alipekuliwa, alizika. Anaweza kumwona aliyekimbia kama mtu aliyeokoka peke yake. Aliyerudi naye anajiuliza ni nani aliyetaja jina lake. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Burundi, iliyofanya kazi kati ya 2016 na 2021, iliripoti kwamba baadhi ya waliorejea walitazamwa kwa uhasama na kushukiwa kuwa wapinzani, wakiwemo waliosumbuliwa na vijana wa chama tawala, Imbonerakure, na kwamba wapo waliokimbia tena. Serikali ilizikataa taarifa za tume hiyo. Tangu Rais Evariste Ndayishimiye alipoapishwa tarehe 18 Juni 2020, amewahimiza wakimbizi warudi, akisema nchi ina amani na inawahitaji. Msafara wa kwanza kutoka Mahama ulivuka mpaka wa Nemba tarehe 27 Agosti mwaka huo, na takriban watu 30,000 wamerejea kutoka Rwanda tangu wakati huo.

Kauli hizo mbili hazifutani. Mtaa unaweza kuwa kimya bila kuwa umepatana. Usiku wa Mutakura hauna tena milio ya 2015, na hilo si jambo dogo kwa mzazi. Lakini ukimya ambao kila mtu anapima maneno yake kabla ya kumsalimu jirani si amani ambayo mtoto anaweza kujengea maisha.

Jiji lina mfano wa jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na mapadre Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiliwakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini kwenye michezo, maktaba na mafunzo hata wakati mitaa yao ilipokuwa ikipigana. Mwaka 2002 kilitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Hakikuwauliza vijana walikuwa wapi jana. Kiliwapa kitu cha kufanya pamoja leo.

Kupokea mtu ni kumpa mahali

Kinachohitajika Mutakura si bajeti kubwa kuliko uwezo wa nchi. Dawati moja katika ofisi ya tarafa ya Ntahangwa linaloshughulikia karangamuntu, vyeti vya watoto na uandikishaji shuleni kwa mkupuo mmoja lingeokoa miezi ya kuhangaika. Utaratibu wa usuluhishi wa nyumba, wenye wanawake ndani yake, ungeziba pengo lililoachwa na CNTB kabla ugomvi wa shemeji na shemeji haujawa ugomvi wa mtaa. Marekebisho ya sheria ya uraia yangemwezesha mama Mrundi kurudi na watoto wake wote. Nao UNHCR na wafadhili wanaweza kukubali kwamba aliyerudi kwa basi ni aliyerejea sawa na aliyekuja kwa msafara, na kwamba mtaji mdogo wa biashara mjini ni sawa na mbegu kijijini.

Historia ya mtaa huu inaonya dhidi ya kuridhika na takwimu za mpakani. Waliorejea Mutakura baada ya vita vya miaka ya 1990 walihesabiwa kuwa wamefika. Mwaka 2015 wengi wao, au watoto wao, waliondoka tena kwa kutumia njia zile zile, mara nyingi wakienda kwa jamaa wale wale waliowahi kuwapokea. Mtu aliyekimbia mara mbili hubaki anajua njia. Iwapo atasahau njia hiyo au ataendelea kuikumbuka kutategemea yale yatakayotokea mlangoni kwake, shuleni kwa mtoto wake na katika ofisi ya tarafa, muda mrefu baada ya basi la msafara kugeuza na kurudi lilikotoka.